Mrija wa Omoding

Tulimwacha Edimu mlangoni kwa baba yake, kijijini Osukuru, mguu mmoja ndani na mmoja nje, joho jekundu la chuo kikuu likining'inia mabegani. Mbele yake alikuwa amesimama mtu ambaye kijana huyo asingetaka kukutana naye hata kanisani.

Mzee Imalingat wa Buteba! Baba yake Omoding!

Mzee alikuwa ametota jasho la baiskeli. Mkononi alishika ala ndefu ya kusuka, ile ambayo wazee wa Kiteso hubebea mirija yao ya kunywea ajon, pombe yetu ya ulezi. Alimtazama tu Edimu, kuanzia viatu mpaka joho.

"Amejua," Edimu akasema moyoni. "Basi, amejua."

Maana mimi na wewe, msomaji, tunajua. Kule chuoni majibu mawili ya mtihani yalionekana yamefanana kama mapacha. Kamati ya Nidhamu ikaketi, ikauliza nani amemnakili mwenzake. Mwizi alikuwa Edimu. Lakini Edimu alikuwa na onyo la mwaka uliopita, na sheria ya chuo inasema mwenye onyo akikosa tena, hata kosa liwe dogo, anafunga sanduku lake. Omoding, rafiki yake, kijana mwenye akili kuliko wote darasani, jina lake safi kama sahani ya harusi, akasimama akasema, "Ni mimi niliyenakili."

Watu wakadhani atapewa onyo tu, kwa kuwa hakuwa na kosa la nyuma. Kumbe kwa wizi wa mtihani hakuna onyo. Unayeiba leo unaondoka leo.

Wakubwa wa Kamati wakamgeukia Edimu. "Ni kweli alikunakili?"

Na Edimu akajibu neno moja. "Ndiyo."

Neno hilo ndilo lililompandisha mwaka wa tatu. Ndilo lililomletea sherehe hii, chungu hiki cha ajon, na watu hawa wote uani. Na sasa baba wa Omoding yuko mlangoni.

Mzee akaiegemeza ala yake ukutani. Akapanua mikono. Edimu akafumba macho, akingoja kofi.

Kofi halikuja. Mzee alimkumbatia!

"Mwanangu!" akasema, na sauti ikamkatika. "Mwanangu, umepanda. Mmoja wenu amepanda. Nimekuja kufurahi na wewe."

Heri angempiga. Kofi lingekuwa na mwisho wake. Kukumbatiwa na mtu uliyemwibia mtoto, hiyo ndugu yangu haina mwisho, inaingia mwilini kama homa.

"Nani hao wanaolia mlangoni?"

Huyo alikuwa shangazi Benedeta, mpishi wa ajon ile, mwanamke mwenye mkono mnene na mdomo usiojua Jumapili.

"Imalingat! Yoga, hujambo! Mbona unamkamua kijana yetu kama jipu? Mwache apumue, ni mtu ya chuo sasa."

"Namsalimu mwanangu, Benedeta."

"Msalimu polepole, amekonda. Mwaka jana walimpa supu huko, lakini naona haikumsaidia."

Mzee akashangaa. "Supu?"

"Si mwenyewe alisema alipokuja likizo? 'Shangazi, nimepata sapu.' Nikauliza, nani amekupa? Akasema dini. Nikafurahi sana mimi. Nikasema, heri dini inayolisha watu. Sijajua tu ni Katoliki ama Protestanti."

Uani watu wakacheka. Edimu akacheka nao, kicheko cha meno tu. Sapu haikuwa supu. Ilikuwa mtihani wa marudio, aliopewa baada ya kuanguka. Na dini haikuwa dini. Alikuwa Dini wa chuo, yule Mzungu mkubwa wa masomo, aliyemwita ofisini akampa onyo. Angewaambia nini watu wanaocheka?

Mtu mmoja hakucheka. Mzee Ilukor, baba yake Edimu, mwenye sherehe, alikuwa amekaa karibu na chungu akitazama mchanga. Ala ya mrija wake ilikuwa imelala magotini, imefungwa mdomo.

"Ilukor!" Benedeta akamgeukia. "Wewe ndiye mwenye mji, na mrija wako bado umelala? Unangoja sherehe gani nyingine?"

"Tumbo," Ilukor akasema. "Linanisumbua tangu asubuhi."

"Tumbo! Wanaume. Nyinyi watoto, tokeni hapo kwenye mirija!" Benedeta alikuwa amekwisha kugeukia upande mwingine. "Mtu akivunja mrija wa watu anahamia kwao, akakae mahali pa mwenyewe! Mnataka kwenda kulala Buteba kwa mzee huyu? Ugali wao ni mgumu kama tofali!"

Watoto wakakimbia wakicheka.

"Waje tu," Imalingat akasema taratibu. "Siku hizi kwangu kuna nafasi."

Alisema hivyo bila kucheka, na uani pakapoa kidogo.

Akaketi. Akafungua ala yake, akachomoa mrija mmoja, mweusi kwa uzee. Huo wote waliujua. Kisha akachomoa wa pili. Huu ulikuwa mweupe bado, umekauka kwa kukaa bila kutumika, na karibu na mdomo ulikuwa umezungushiwa uzi mwekundu.

Edimu aliutambua. Alikuwepo ulipozungushiwa uzi ule.

"Huu ni wa Omoding," mzee akasema. "Nilimkatia mwenyewe siku jina lake lilipotoka la kwenda chuo. Leo ninauvunja."

Hakuna aliyeuliza maana yake. Baba akivunja mrija wa mwanawe mbele ya chungu na mbele ya watu, mwana huyo hana tena pa kukaa. Hana chungu, hana shamba, hana hata mahali pa kuzikwa. Huko kwao atatajwa kama mtu aliyepita njia.

"Lakini Imalingat," Benedeta akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo, "huo ni wa kuvunjia kwako. Kwa nini umekuja nao kwenye furaha ya watu?"

"Kwa sababu shahidi yuko hapa." Mzee akamwonyesha Edimu kwa mrija ule. "Naambiwa mwanangu aliiba mtihani. Watu wanasema mengi. Wanasema hata Jiwe la Tororo, mlima mzima ule, huhama likichoka. Yeye mwenyewe sijamwona tangu afukuzwe, haya imemla, hajafika nyumbani. Mimi sivunji mrija wa mtoto kwa maneno ya sokoni. Edimu alikaa naye kwenye Kamati. Alisikia kwa masikio yake. Chungu kikitulia nitamwuliza mbele yenu. Akisema Omoding aliiba, navunja."

"Na akisema hakuiba?" Benedeta akauliza.

Hapo tu ndipo uso wa mzee ulipomsaliti, ukaonyesha kitu alichokuja kukitafuta kwa baiskeli kutoka Buteba.

"Akisema hakuiba, nitamtafuta mwanangu popote alipo. Nitampakia kwenye baiskeli nimpeleke nyumbani. Sijali watu wakicheka."

Benedeta akamimina maji ya moto chunguni. Ajon ikaanza kuvimba povu. Ikishatulia tu, swali litaulizwa.

Edimu alikuwa kama mtu aliyewekwa katikati ya reli, gari moshi linakuja kutoka kila upande. Aseme Omoding aliiba? Atakuwa amemfukuza mara mbili, chuoni na nyumbani. Aseme hakuiba? Swali litakalofuata hata mtoto mdogo ataliuliza: basi nani? Na jibu hilo likisemwa hapa, mbele ya mwalimu mkuu wa shule yao na katekista na watu wote hawa, litapanda treni kwenda chuoni kabla yake.

Joho likaanza kumwasha shingoni.

Piiiip!

Honi! Lori la Bedford likaingia uani, kuku wakatawanyika, na dirishani kikatokea kichwa chenye kofia ya kufuma. Nasifu, msafirishaji wa Busia.

"Salaam aleko, watu wa pombe! Nimeleta soda za wale wanaomwogopa Mungu!"

"Umechelewa, Nasifu! Soda imekuwa chai!"

"Mama Benedeta, ungepitia njia niliyopitia mimi ungefika umekuwa uji. Tanboi! Shusha kreti!"

Turubai likafunuka. Kijana mrefu akaruka chini, amejifunika gunia kichwani, mwili wote mweupe kwa vumbi la mbolea ambayo lori lile hubeba kutoka kiwandani. Hakuna aliyemwangalia. Nani huangalia tanboi, utingo wa lori?

Edimu alimwangalia. Aliona jinsi kijana yule alivyotua chini, mkono wa kushoto ukitangulia, na akamtambua.

Omoding!

Edimu alikwenda mbio nyuma ya lori, joho likipepea.

"Ondoka," akanong'ona. "Panda ujifunike turubai."

Omoding hakugeuka. Alikuwa akivuta kreti. "Salamu za watu wa mwaka wa tatu ndizo hizo siku hizi?"

"Baba yako yuko hapa!"

Kreti likatua kwa kishindo. Chupa zikalia. Omoding akageuka, na chini ya gunia lile macho yake yalikuwa ya mtoto mdogo.

"Baba? Ameniulizia?"

Tazama basi, msomaji. Hapa Edimu alikuwa na nafasi. Sentensi moja tu: baba yako amekuja kuvunja mrija wako. Ilikuwa imefika ulimini.

"Yupo tu," akasema. "Amekuja kunywa."

Omoding akatikisa kichwa taratibu. Akainama tena kwenye kreti. "Ulijua kwamba niko Busia?"

"Nilisikia."

"Lini?"

Edimu akalivuta joho begani.

"Basi ulisikia zamani," Omoding akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma saa.

"Nataka kusema, Omoding. Nitarudi kwenye Kamati niwaambie ni mimi."

"Acha ujinga. Kile kitabu cha sheria wewe ulikuwa unazuilia dirisha lisigonge. Mimi nilikisoma. Anayeidanganya Kamati anaondoka sawa na mwizi. Mimi niliidanganya. Ukisema kweli unatoka wewe, na mimi sirudi. Wawili nje, kwa faida ya nani? Maliza masomo. Ukimaliza utaninunulia viatu."

Alicheka. Edimu akataka kucheka pia, ili jambo liishie hapo, kama zamani walivyokuwa wakimaliza mambo yao. Lakini kitu kilikuwa kimemchoma.

"Ngoja. Umesema ulikisoma kitabu cha sheria."

"Chote."

"Kama ulikisoma, ulijua kwamba kwa wizi wa mtihani hakuna onyo."

Omoding akaacha kucheka.

"Ulijua utafukuzwa," Edimu akasema. "Ulijua kabla ya kusimama. Kwa nini, sasa?"

"Nashusha soda mimi," Omoding akasema, akalibeba kreti na kumpa mgongo.

"Edimuuu!" Benedeta aliita kutoka uani. "Chungu kimetulia! Njoo uulizwe yako tunywe, watu wana kiu!"

Edimu akatembea kurudi. Wazee walikuwa wamekaa duara, mirija imezama chunguni, yote ikielekea katikati kama miti ya paa. Yote isipokuwa wa Ilukor. Imalingat alikuwa amesimama. Mrija wa uzi mwekundu alikuwa ameushika kwa mikono miwili, tayari.

"Mwanangu Edimu," akasema kwa sauti ya watu wote kusikia. "Wewe na Omoding mmekula sahani moja. Alilala hapa kwa baba yako miaka yote ya sekondari, mimi nikiwa mgonjwa. Sikuulizi kama baba yake. Nakuuliza kama mtu anayetaka kujua. Omoding aliiba?"

Ni swali lile lile. Kule lilikuwa la Kiingereza, na walioliuliza walikuwa na mabegi ya ngozi. Hapa lilikuwa na jasho la baiskeli.

Edimu akamtazama baba yake. Mzee Ilukor alikuwa anamtazama pia, na midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti. Ilionekana kama inasema: sema ndiyo.

Edimu akafungua kinywa. "Nd..."

Mikono ya Imalingat ikakaza mrija.

"Hapana!" Edimu akapiga kelele hata kuku wakashtuka. "Hapana, mzee! Usivunje! Hakuiba! Aliyeiba ni mimi. Nilikopi mimi. Kamati iliniuliza nikasema ndiyo, nikamwacha aondoke na sanduku lake, na sikumsindikiza hata langoni!"

"Kukopi ni nini?" Benedeta akauliza.

"Ni kuiba jibu la mtu, shangazi. Na sapu si supu. Nilianguka mtihani, wakanipa mwingine. Na dini si kanisa. Ni mkubwa wa chuo, na alichonipa ni onyo. Kila mlichokuwa mnakicheka ni aibu yangu."

Benedeta akakaa chini polepole, kama mtu aliyevutwa kanga.

Lakini uso wa Imalingat! Ulikuwa umefunguka. Hasira ilikuwa bado haijapata nafasi ya kuingia, furaha ilikuwa imejaa mlangoni. "Hakuiba," alikuwa anasema. "Mwanangu hakuiba. Mmesikia? Hakuiba."

"Mwongo!"

Wote wakageuka. Tanboi alikuwa amesimama katikati ya uwanja. Akavua gunia.

"Omoding," baba yake akasema. Neno hilo tu.

"Usimsikilize, baba. Huyo ananionea huruma. Mimi ndiye mwizi, nilikiri mwenyewe mbele ya watu wazima. Vunja huo mrija, yeye arudi shuleni, yaishe."

"Ninyi wawili," mzee akasema, "mmoja wenu ananifanya mjinga."

"Ni huyo! Vunja, baba! Mimi nimeshazoea lori!"

Akafika. Akaishika mikono ya baba yake juu ya mrija, akaanza kuikunja kwa nguvu, baba akikataa, macho ya wote wawili yakilengwa na machozi. Edimu akaruka. Akaudaka mrija katikati yao, akauvuta kuelekea kifuani kwake auokoe.

Ta!

Mlio mdogo. Kama kijiti.

Kipande chenye uzi mwekundu kilikuwa mkononi mwa Edimu.

Kisha katoto kamoja ka kike, kalikokuwa nyuma ya Benedeta, kakauliza kwa sauti safi kabisa, "Sasa Edimu anahamia Buteba?"

Benedeta akakaziba mdomo.

Imalingat akatazama mikono yake mitupu. "Nani amevunja?"

"Mimi," Edimu akasema.

"Si mimi baba yake?"

"Si wewe, mzee. Ni mimi peke yangu."

Mzee akavuta pumzi, ndefu, akaitoa. "Basi mmeona wote. Baba hakuvunja. Omoding hajatoka kwangu." Akamshika mwanawe begani, vumbi la mbolea likamwagika. Kisha akamgeukia Edimu, na sasa hasira ilikuwa imepata nafasi yake. "Na wewe desturi unaijua. Umemvunjia mwenzako mrija, kaa mahali pake."

"Mahali pake ni wapi sasa, mzee?"

Wote wakatazama lori.

"Aa, mimi simo!" Nasifu akapaza sauti, chupa ya soda mkononi. "Mimi nimeleta soda tu, wallahi!"

Edimu akavua joho. Akamwendea Omoding, akamvika mabegani, jekundu juu ya vumbi jeupe. Halafu akaokota gunia lililoanguka, akajifunga kichwani na kwenda kwenye lori.

"Kreti ngapi zimebaki, Mzee Nasifu?"

"Wewe kijana una wazimu. Hiyo mikono ni ya kalamu."

"Nitajifunza. Na Jumatatu kabla ya kwenda Busia utanishusha stesheni. Nitapanda niende kwenye Kamati. Watanifukuza, najua. Lakini watasikia kwa kinywa changu, kama walivyosikia ile ndiyo."

Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya Kamati, kifua kilikuwa kimemlegea. Akadhani hatia imekwisha. Masikini Edimu! Ilikuwa inahamia kwa mwenyewe.

Maana Omoding hakufurahi. Alivua lile joho taratibu. Akalikunja vizuri, kama mtu akunjavyo nguo ya marehemu. Hakumrudishia Edimu. Alitembea mpaka kwa Mzee Ilukor, akaliweka magotini pake, juu ya ala ya mrija.

"Mpe aliyelitaka," akasema.

"Omoding," Ilukor akanong'ona, "mwanangu, usi..."

"Edimu!" Omoding akaita bila kugeuka. "Uliniuliza kule nyuma ya lori. Nilijua, ndiyo. Nilijua hakuna onyo, nilijua nitaondoka siku ile ile. Wewe umejitesa bure ukidhani ni kwa ajili ya urafiki wako. Urafiki wako haukunisimamisha, ndugu yangu. Niliapishwa."

"Uliapishwa na nani?"

"Muulize baba yako. Muulize siku tulipokuwa tunaondoka kwenda mwaka wa pili, ulipokwenda kukata tikiti, alinishikisha nini mkononi pale stesheni ya Tororo. Muulize alinikumbusha nimelala nyumba ya nani, nimekula chungu cha nani. Muulize aliniambia nani aanguke kwanza siku mmoja wetu akitakiwa kuanguka."

Duara lote likageuka kumtazama Mzee Ilukor. Na hapo ndipo watu walipoielewa ile ala iliyofungwa mdomo tangu asubuhi. Ajon ya mwanawe ilikuwa mbele yake, na hakuwa ametia mrija. Haikuwa tumbo. Alikuwa anaogopa kunywa chungu kimoja na Imalingat.

"Ilukor," Imalingat akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Nilikuwa mgonjwa. Nilikupa mtoto wangu umlee."

"Baba?" Edimu akasema kutoka kwenye lori.

Mzee Ilukor akaliweka joho chini kwenye mchanga. Akafungua mdomo wa ala yake.

"Kaa chini, Omoding," akasema. "Hilo nitalisema mwenyewe."

Akauchomoa mrija wake, mkavu, akauweka juu ya goti lake kama mtu anayetaka kuvunja kuni. Na mtu kuvunja mrija wake kwa mkono wake mwenyewe, kujifukuza kwenye chungu cha watu wake, Osukuru yote hakuna aliyewahi kuona.